Biolojia ya mwaka wa kwanza mu chuo kikuu: kinachofundishwa, na kile Fizi inajua tayari

Kila mwaka, kisha matokeo ya mtihani wa Serikali kutoka, vijana wa Baraka, Fizi-centre, Mboko, Sebele, Lulimba na Kazimia wanaanza kuulizana: tunaenda kusoma nini, na wapi? Mwingine anataka udaktari, mwingine uuguzi ama labo, mwingine kilimo, mifugo, ualimu. Ukiangalia ratiba za masomo hayo yote, utakuta mlango ni mmoja. Mu mwaka wa kwanza kuko somo linaloitwa Biologie générale, ao Biologie cellulaire kwa vyuo vingine. Asiyelipita hapo hasongi mbele, hata kama nyumbani waliisha kumuita daktari.

Somo hili linapatikana mu vitivo vya sayansi, vya tiba na vya kilimo, kama mu Chuo Kikuu cha Serikali cha Bukavu (UOB), mu Chuo Kikuu cha Katoliki (UCB) na Chuo Kikuu cha Kiinjili (UEA), vyote Bukavu. ISP Bukavu inatoa walimu wa sekondari mu idara ya Biologie-Chimie, na taasisi za ufundi wa matibabu, zile ISTM, nazo zinalifundisha kwa wauguzi. Wazazi waliozoea maneno G1, G2, G3 wajue kwamba mfumo ulibadilika. Kuanzia mwaka wa masomo 2021-2022 nchi iliingia mu mfumo wa LMD: mwaka wa kwanza unaitwa L1, somo linahesabiwa kwa kredi, na mwaka mmoja una kredi 60. Alama bado ziko juu ya 20.

Kwa nini wengi wanaanguka? Jibu linalosikika sana mitaani ni kwamba biolojia ni nguvu. Si kweli kabisa. Hesabu ni nguvu; fizikia ni nguvu. Biolojia ni nyingi, na ni ya Kifaransa. Mwanafunzi anapewa silabi ya kurasa mia na zaidi, anaanza kumeza maneno: membrane, cytoplasme, mitochondrie, ribosome. Hajawahi kuona hata kimoja cha vitu hivyo, kwa sababu shule nyingi za sekondari za kwetu hazina mikroskopu, ao iko moja tu, imefungiwa mu kabati ya mkubwa wa shule. Tena wako wanaotoka mu Pédagogie, mu Commerciale ao mu Sociale, wanaingia uuguzi bila msingi wa kemia. Hao wanateseka zaidi ya wale wa Biologie-Chimie, na wangehitaji kurudilia kemia miezi miwili mbele ya kuanza: atomu, maji, asidi, chumvi, basi.

Lakini kitu ambacho silabi haisemi ni hiki: karibu kila sura ya somo hilo ina mfano wake hapa, kati ya ziwa na milima. Kijana wa Baraka ameona vitu hivyo kwa macho. Kinachokosekana ni kuviunganisha na jina la Kifaransa.

Sura ya kwanza kwa kawaida ni kemia ya uhai. Bugali ya muhogo ni amidon, yaani wanga. Mawese ni lipides, mafuta. Ndagala ni protéines kwa wingi. Kipimo cha wanga ambacho assistant atakionyesha mu labo unaweza kukifanya nyumbani: chukua unga wa muhogo kidogo, tia tone la dawa ya iyode kutoka famasi, unga unageuka rangi ya bluu karibu nyeusi. Fanya vilevile na chumvi, hakuna kinachobadilika. Mwenye amefanya hivyo mara moja hasahau.

Kisha inakuja seli, cellule, kipande kidogo cha uhai. Zoezi la kwanza karibu pote ni la kitunguu. Unatoa ngozi nyembamba ya ndani ya kitunguu, unaitandika juu ya kioo na tone la maji, unaongeza iyode, unafunika. Chini ya mikroskopu utaona vyumba vimepangwa kama matofali, na mu kila chumba doa moja: ndiyo noyau, kiini. Ukuta unaouona ni wa mmea tu. Seli ya mtu haina ukuta kama huo, iko na utando mwembamba peke yake. Ukitumia lensi ya jicho ya 10 na lensi ya chini ya 40, unaona kitu kimekuzwa mara 400. Maprofesa wanapenda kuuliza hiyo hesabu, na watu wanaipoteza bure kwa kujumlisha pahali pa kuzidisha.

Utando wa seli unaleta somo la osmose, na hapo mama muuza samaki ni mwalimu. Ukitia chumvi nyingi juu ya samaki, maji yanatoka mu nyama yake, sababu maji yanakimbilia upande wenye chumvi nyingi. Vijidudu vya kuozesha navyo vinanyonywa maji, samaki anakaa bila kuoza. Sheria ni ileile mu kolera, ugonjwa ambao Fizi na Uvira wanaujua karibu kila mwaka. Sumu ya kijidudu Vibrio cholerae inalazimisha seli za matumbo kutoa klorini na chumvi nje, na maji yanafuata. Ndiyo maana mgonjwa anakauka kwa saa chache. Dawa yake inatoka mu sura hiyohiyo: mu utando wa matumbo kuko mlango unaopitisha sukari na chumvi pamoja, na vikiingia, maji yanafuata kuingia. Mlango huo kolera haiuharibu. Kwa hiyo pakiti ya SRO ina sukari na chumvi, na ukiikosa, maji safi lita 1, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko kidogo cha chumvi vinamsaidia mgonjwa wakati mnamkimbiza kwenye kituo cha matibabu. Muuguzi aliyeelewa osmose hawezi kukosea na kuacha sukari, akisema chumvi inatosha.

Kuhusu enzymes, niseme kwa ufupi. Muhogo mchungu una kitu kinachoitwa linamarine, na mu seli ileile, lakini chumba kingine, kuko enzyme inayokipasua na kutoa sumu ya sianidi. Ukilowesha muhogo siku tatu, kuta za seli zinalegea, viwili vinakutana, sumu inatoka na kwenda na maji na hewa. Kupunguza siku za kulowesha si ujanja. Kule Kwango, upande wa magharibi ya nchi, watu waliokula muhogo usiotayarishwa vizuri walipatwa na konzo, kupooza miguu bila kupona, na daktari Trolli aliiandika tangu 1938.

Sasa tufike pahali ambapo wengi wanaangukia: génétique. Silabi zinaanza na Mendel, mtawa wa Brno aliyechapisha kazi yake 1866 juu ya mbegu za petit pois. Mwanafunzi wa Fizi anasoma juu ya petit pois za manjano na za kijani, anachoka. Lakini mfano mzuri zaidi uligunduliwa hapa Kongo, na unahusu mingazi, miti inayolisha jamaa nyingi za Fizi.

Mingazi iko ya namna tatu. Dura: kokwa yake ina ganda gumu na nene, nyama ya mafuta ni kidogo. Pisifera: haina ganda, lakini kwa kawaida haizai vizuri, vichane vyake vinakufa mbele ya kukomaa. Tenera: ganda jembamba, nyama nyingi, mafuta mengi. Kwa miaka mingi wakulima na hata wataalamu walipanda mbegu za tenera nzuri, na shambani vikatoka vitu vya kila namna, hawakujua kwa nini. Mu kituo cha Yangambi, karibu na Kisangani, watafiti Beirnaert na Vanderweyen wa INEAC walitoa jibu mu 1941: unene wa ganda unaongozwa na jeni moja. Dura ina nakala mbili za ganda nene, pisifera ina nakala mbili za kukosa ganda, na tenera ina moja ya kila upande. Tenera ni mtoto wa dura na pisifera.

Fanya hesabu sasa, ni ile ya mtihani. Ukizalisha dura na pisifera, watoto wote ni tenera. Ukizalisha tenera na tenera, kwa miti 100 utegemee karibu 25 dura, 50 tenera na 25 pisifera. Maana yake shambani ni kubwa: mkulima anayeokota kokwa chini ya mngazi wake mzuri wa tenera na kuzipanda, nusu ya shamba haitafanana na mama, na robo inaweza kukosa kuzaa. Ataijua hasara kisha miaka mitatu ao mine ya kupalilia. Anayeuza mbegu «zilizochaguliwa» bila kusema baba yake ni nani, muulize. Mimi naona mwalimu wa Kivu anayefundisha 1:2:1 kwa petit pois tu, bila kutaja Yangambi, anawanyima wanafunzi mali yao.

Hesabu ileile inatumika kwa damu ya watu. Anémie SS, yaani drépanocytose, inatokea mtoto akipokea jeni S kwa baba na kwa mama pia. Wazazi wawili wa AS wanaonekana wazima kabisa, hawana alama. Kila mimba yao ina nafasi 1 juu ya 4 ya kutoa mtoto SS, 2 juu ya 4 ya AS, 1 juu ya 4 ya AA. Angalieni neno «kila mimba»: si kusema mtoto mmoja akiisha kugonjwa watatu wanaofuata wamepona. Damu haikumbuki. Familia zingine, zikizika mtoto wa pili, zinaanza kutafuta mchawi, na mara nyingi anayenyooshewa kidole ni mama ao shangazi. Mwanafunzi wa L1 anayejua kuchora ile meza ya vyumba vinne anaweza kueleza mbele ya wazee kwamba baba na mama wametoa sawasawa, na kwamba vipimo vya damu mbele ya ndoa viko. Na kwa nini jeni hilo ni jingi kwetu? Daktari Anthony Allison alionyesha mu 1954, kwa kazi yake ya Afrika Mashariki, kwamba mtu wa AS anakingwa kiasi dhidi ya malaria kali. Penye mbu wengi, jeni lilibaki.

Hapo tumeingia mu évolution. Wako wanafunzi wanaofunga daftari kwa sababu ya imani yao. Ni shauri lao, lakini mtihani unauliza, na kujua hoja si kuacha kanisa. Ziwa Tanganyika lenyewe ni mfano unaotajwa mu vitabu vya dunia nzima: kina chake kinafika mita 1470, na lina aina zaidi ya 200 za samaki wa ukoo wa cichlidés, karibu wote hawapatikani pahali pengine. Angalia rasi ya Ubwari, ng'ambo ya ghuba ya Burton, mbele ya Baraka. Samaki wadogo wa jenasi Tropheus wanaishi kwenye mawe, hawapendi kuvuka mchanga. Pwani moja ya mawe inatengwa na ingine, na rangi zao zinabadilika toka pahali mpaka pahali. Wavuvi wanaona tofauti hiyo. Profesa anaiita isolement. Na ndagala ambayo sokoni tunaitia mara nyingi jina moja ni aina mbili, Stolothrissa tanganicae na Limnothrissa miodon. Mukeke anayezila ni Lates stappersii. Anayetaka kuendelea na mambo haya, Uvira kuko Kituo cha Utafiti cha Hydrobiologie, CRH, ambacho mizizi yake inatoka wakati wa IRSAC, taasisi iliyoanzishwa 1947.

Juu ya kazi za vitendo, zile TP: zina alama zake, na ni hapo mwanafunzi makini anajiokoa. Mchoro unafanywa kwa kalamu ya risasi, mistari ya majina haikatani, kichwa na kiasi cha kukuza vinaandikwa. Chora unachokiona, hata kama kiputo cha hewa kimeingia katikati. Assistant anatambua mara moja mchoro ulionakiliwa mu silabi, sababu ni mzuri kupita kiasi.

Mbele ya mzazi kuuza mbuzi ao bidoni za mawese kwa ajili ya minervali, na mbele ya mtoto kushika barabara ya taifa nambari 5, ambayo siku zingine usalama wake ni wa kuuliza asubuhi, iko heri kupiga simu kwa mwanafunzi anayesoma pale tayari. Umuulize: mikroskopu ziko ngapi kwa wanafunzi wangapi? TP zinafanyika kweli, ao zinalipwa tu? Silabi inapatikana mwanzo wa somo, ao juma moja mbele ya mtihani? Kuko rattrapage, na inalipwa pembeni? Na kama chuo kiko karibu, kilifunguliwa jana, bei yake ndogo, uliza pia kama kinatambuliwa na wizara ya masomo ya juu, sababu diploma ya chuo kisichotambuliwa haipokelewi siku ya kuomba kazi ya Serikali.