Kutoka Vuga hadi Kiungani

Mgeni akija Lushoto huoneshwa majengo ya Wajerumani, akaambiwa elimu ya Usambara ilianzia hapa. Mimi nimefundisha historia katika milima hii na sikubali. Kabla Lushoto haijawa mji wa Wajerumani, Wilhelmstal, vijana wa chini ya milima yetu walikwisha kuvuka bahari kwenda kusoma Unguja.

Mwaka 1867 Padri Alington wa misheni ya Kianglikana ya UMCA alipanda Vuga kumwomba Simbamwene, mfalme wa Washambaa, mahali pa kujenga. Vuga hakupewa, akaishia Magila, huko Bonde, chini ya milima. Haukupita muda Wabondei wakainuka katika vita vya Kiva, wakawatimua Wakilindi, ukoo wa Simbamwene, na misheni ikayumba mpaka Padri Farler alipofika mwaka 1875. Baadaye wavulana wa Magila wakawa wanapelekwa Kiungani, Chuo cha Mtakatifu Andrea, nje kidogo ya mji wa Unguja.

Chuo hicho kilianza na watoto waliookolewa kutoka majahazi ya watumwa. Watano wa kwanza Askofu Tozer alipewa na Sultani Majid mwaka 1864. Kwa hiyo mtoto wa Kibondei, mwenye wazazi na shamba kwao, alijikuta akiishi na Myao au Mnyasa aliyeporwa angali mdogo. Lugha yao ilikuwa Kiswahili. Vazi lao lilikuwa kanzu, kwani Askofu Steere, na Smythies baada yake, hawakutaka chuo kitoe Wazungu weusi. Suruali hapana, lakini kriketi ruksa! Hapo huwa nacheka peke yangu.

Kinachonivuta zaidi ni karatasi zao. Kazi ya uchapaji ya misheni ilisimamiwa na Owen Makanyassa, mmoja wa waliokombolewa. Oktoba 1888, pwani ikiwa katikati ya vita vya Abushiri dhidi ya Wajerumani, likatoka Msimulizi, gazeti la Kiungani. Walimu Waafrika waliokuwa katika vituo vya misheni walituma habari: nani amefika, nani anaumwa, nani amefariki, shule inaendeleaje. Maaskofu waliwaandikia wafadhili wa Uingereza, nao wafadhili hupenda kusikia mambo yanakwenda vizuri. Walimu hawa waliandikiana wao kwa wao, na ndio ninaowaamini kwanza. Katika miaka ya 1890 Magila nayo ikapata gazeti lake, Habari za Mwezi.

Huku juu, Mlalo, wamisionari wa Kijerumani Johanssen na Wohlrab walifika mwaka 1891 na kushika njia nyingine: walijifunza Kishambaa, wakawasomesha watoto papo hapo milimani.

Wa Kiungani walikwenda mbali zaidi. Hugh Kayamba, wa ukoo wa Kimweri, mfalme Mkilindi wa Vuga, alisoma huko, kisha akapelekwa shule ya Bloxham, Uingereza, akarudi kufundisha. Ukoo uliotawala kwa kuogopwa kuwa unashika mvua sasa ulishika chaki na daftari la mahudhurio. Mwanawe Martin, aliyezaliwa Mbweni, Unguja, mwaka 1891 na kupitia Kiungani pia, akawa karani mkuu wa ofisi ya wilaya ya Tanga, mwenye makarani wa Kihindi chini yake. Na mwaka 1931 alikuwa London, akihojiwa na kamati ya Bunge la Uingereza kuhusu mpango wa kuziunganisha Tanganyika, Kenya na Uganda.