Teke la Mwepu, miaka 50 baadaye

Juni 2024 ilitimia miaka 50 tangu Zaire icheze Kombe la Dunia huko Ujerumani Magharibi, timu ya kwanza kutoka kusini mwa Sahara kufika hapo. Kwa muda wote huo, televisheni za Uingereza zilichokihifadhi zaidi ni sekunde chache: beki Mwepu Ilunga, mchezaji wa TP Mazembe ya Lubumbashi, anachomoka ukutani kabla frikiki haijapigwa na kuubutua mpira mbali na Wabrazili. Watangazaji walicheka, wakasema Waafrika hawajui sheria. Tatizo ni kwamba teke lilitangazwa, na kilicholisababisha kikaachwa nyuma ya pazia.

Klabu ya Mwepu ilianzishwa na watawa Wabenedikto mwaka 1939, ikapita majina kadhaa hadi Englebert, kisha ikatwaa ubingwa wa Afrika 1967 na 1968 na kucheza fainali mbili zilizofuata. Machi 1974 timu ya taifa nayo ilichukua Kombe la Afrika nchini Misri. Rais Mobutu aliwamwagia wachezaji sifa, nyumba na magari. Huko Ujerumani mambo yaligeuka. Baada ya kufungwa 2-0 na Scotland, wachezaji walipata habari kwamba posho zao zimeishia mifukoni mwa wakubwa, wakatishia kugoma. Waliingia uwanjani dhidi ya Yugoslavia wakiwa wamekufa moyo, wakafungwa 9-0. Kipa Kazadi Mwamba, naye wa Mazembe, alitolewa mapema baada ya mabao matatu. Kwa maelezo ya Mwepu mwenyewe, walinzi wa rais waliwafuata wakawaonya: Brazili ikifunga manne, msirudi nyumbani. Tarehe 22 Juni, mjini Gelsenkirchen, Brazili ilikuwa inaongoza na dakika zilikuwa zinayoyoma. Hapo ndipo Mwepu alipotoka ukutani, akala kadi ya njano. Mechi iliisha 3-0.

Wapo wanaosema kwamba Mwepu alitoa maelezo hayo miaka mingi baadaye, na kwamba hayakuwa yale yale kila mara: mara ni hofu, mara ni hasira ya kuumia uwanjani huku wengine wakila pesa jukwaani. Ni kweli, na mwandishi makini hawezi kulifumbia macho. Lakini hofu na hasira hazipingani; mtu anaweza kubeba zote mbili katika jezi moja. La ujinga ndilo lisilosimama. Beki wa klabu iliyocheza fainali nne mfululizo za Afrika, bingwa wa bara miezi mitatu kabla, atakosaje kujua frikiki ni ya nani? Swali hilo lilihitaji simu moja tu kupigwa Lubumbashi. Wengine watasema kicheko cha watangazaji kilikuwa utani tu, na utani hauui. Hauui, lakini ulilipa upande mmoja: kanda iliendelea kuonyeshwa Ulaya, na mwenye teke akaishi maisha ya dhiki hadi alipofariki Kinshasa Mei 2015.

Wala tusidhani Wazungu peke yao ndio wenye tabia hiyo ya kuchukua kipande na kuacha kisa. Desemba 2010 Mazembe iliifunga Internacional ya Brazili 2-0 huko Abu Dhabi na kuwa klabu ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya Kombe la Dunia la Klabu. Wageni wengi walichokumbuka ni kipa Kidiaba akirukaruka kwa makalio. Novemba 2015, ubingwa wa tano wa Afrika ulipopatikana, Dar es Salaam iliusoma kama habari ya mchezaji Mtanzania wa Mazembe, Mbwana Samatta. Ni haki yao: kila gazeti humfuata mtoto wa kwao. Ila basi na sisi wa Lubumbashi tumfuate wa kwetu. Mashabiki wa mtaa wa Kamalondo hapa Lubumbashi wanaweza kukutajia kikosi cha 2010 chote bila kupumua. Kile cha Zaire cha 1974 hukitaja wazee tu, na wazee wanapungua. Wanaosherehekea kila kombe jipya mjini hapa wangeweza kuwaketisha wachezaji waliobaki mbele ya kinasa sauti, waeleze kwa Kiswahili cha Lubumbashi nani aliahidi nini, na nani alikula posho ile.