Kilima Kimoja, Vyuo Vitatu: Fedha, Majengo na Hofu za Wafanyakazi katika Kuundwa kwa Chuo Kikuu cha Kyambogo

Serikali inapounganisha vyuo, jambo la kwanza kutangazwa huwa ni jina jipya. Wafanyakazi wa vyuo hivyo huuliza mambo mengine: mshahara utatoka wapi, madeni ya zamani yatalipwa na nani, na karakana au maktaba tuliyoitunza miaka yote itakuwa chini ya nani. Maswali haya huonekana kama ubinafsi wa watu wasiopenda mabadiliko. Insha hii inadai kinyume chake. Kwa kutumia mfano wa Kyambogo nchini Uganda, inaonesha kwamba maswali ya fedha na majengo ndiyo kiini cha muungano, na kwamba yasipojibiwa mapema hurudi baadaye yakiwa mazito zaidi.

Kyambogo ni kilima kilichopo mashariki mwa Kampala, kando ya barabara iendayo Jinja. Kabla ya mwaka 2003 kilikuwa na taasisi tatu za umma. Ya kwanza ni Chuo cha Ufundi cha Kyambogo, UPK, ambacho chanzo chake ni shule ndogo ya ufundi iliyoanzishwa Makerere mwaka 1928 na kuhamia Kyambogo mwaka 1958. Ya pili ni Taasisi ya Elimu ya Ualimu, ITEK. Hii ilianza mwaka 1948 kama chuo cha ualimu huko Nyakasura, karibu na Fort Portal, ikahamia Kyambogo mwaka 1954. Ya tatu, na changa kuliko zote, ni Taasisi ya Taifa ya Elimu Maalumu, UNISE, iliyokua kutoka katika idara ya ITEK na kupata sheria yake yenyewe mwaka 1998. UNISE ilijengwa kwa msaada mkubwa wa Denmark.

Sheria ya Vyuo Vikuu na Taasisi za Elimu ya Juu ya mwaka 2001 ilifungua njia, na mwaka 2003 taasisi hizo tatu zikawa Chuo Kikuu cha Kyambogo. Kijiografia muungano ulikuwa rahisi, kwani zilikuwa majirani tayari. Lakini ujirani si undugu. Kila taasisi ilikuja na mkuu wake, mhasibu wake, akaunti zake na desturi zake.

Tuanze na fedha. Mwalimu wa chuo cha ufundi au cha ualimu hupandishwa cheo kwa utaratibu wa utumishi wa umma: miaka ya kazi na uzoefu vina uzito. Chuo kikuu hupima kwa shahada na machapisho. Mtu aliyefundisha uashi au umeme kwa miaka ishirini, na ambaye wahandisi wengi wamepita mikononi mwake, anaweza kujikuta chini ya kijana mwenye shahada ya uzamili. Cheo kikishuka, mshahara na kiinua mgongo navyo vinaguswa. Kwa hiyo mfanyakazi aliyeuliza "nitawekwa ngazi gani?" alikuwa anauliza kuhusu ada za watoto wake na maisha yake ya uzeeni. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

Suala la majengo lilikuwa gumu vilevile. Jengo la chuo hubeba kusudi la aliyelijenga. Karakana hujengwa kwa ajili ya mashine na wanafunzi wachache wanaofanya kazi kwa mikono. Majengo ya elimu maalumu hujengwa yakizingatia wanafunzi wasioona, wasiosikia na wanaotumia viti vya magurudumu. Yote yakiwa mali ya chuo kimoja, kinachotafuta nafasi kwa ajili ya wanafunzi wengi wanaolipa ada, chumba chenye watu kumi huanza kuonekana kama hasara. Hapo mwalimu anayelinda chumba chake analinda pia aina ya elimu ambayo haiwezi kutolewa katika ukumbi wa watu mia tatu.

Wapo watakaosema kwamba muungano huokoa fedha, kwa kuwa ofisi tatu za uhasibu hazihitajiki pale inapotosha moja. Hoja hii ina nguvu, na nchi yenye bajeti ndogo haiwezi kuipuuza. Hata hivyo, akiba hiyo haiji siku ya kwanza. Kabla yake kuna gharama za kulinganisha mishahara, kuhamisha hati za ardhi, kulipa madeni na kukarabati majengo yaliyochakaa. Muungano ukipewa jina bila kupewa bajeti, gharama hizo huwaangukia wafanyakazi na wanafunzi. Mwaka 2012, miaka tisa baada ya muungano, wahadhiri wa Kyambogo waligoma wakitaka makamu mkuu wa chuo aondoke. Mgomo huo ulikuwa na sababu zake za wakati ule, lakini ulionesha kwamba jamii ya chuo ilikuwa bado haijajenga imani na uongozi wake.

Jirani yetu Rwanda alikwenda mbali zaidi. Mwaka 2013 taasisi saba za umma ziliunganishwa kuwa Chuo Kikuu cha Rwanda. Hapa hakukuwa na kilima kimoja: kampasi zilikuwa Huye, Kigali, Busogo na Nyagatare. Masomo ya ualimu yaliyokuwa Remera, Kigali, yalipelekwa Rukara, wilaya ya Kayonza. Kwa mfanyakazi mwenye nyumba na familia Kigali, uamuzi kuhusu majengo ulikuwa uamuzi kuhusu maisha yake.

Mambo haya hayajapita. Uganda sasa imeunda Taasisi ya Taifa ya Elimu ya Ualimu, UNITE, inayokusanya vyuo vya ualimu vya Kabale, Kaliro, Mubende, Muni na Unyama, makao yake yakiwa Shimoni. Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliamua pia kwamba Kiswahili kiwe somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Walimu wa somo hilo wataandaliwa katika vyuo hivihivi. Idara ya Kiswahili ikikosa mhadhiri kwa sababu ngazi yake ya mshahara haijaamuliwa, au ikikosa darasa kwa sababu jengo limepewa wengine, uamuzi wa mwaka 2022 utabaki kwenye karatasi.

Historia ya Kyambogo inatufundisha kwamba muungano unapaswa kuanza na orodha: ya majengo na matumizi yake, ya madeni, ya wafanyakazi na stahili zao. Orodha hiyo iandaliwe pamoja na wanaofanya kazi humo, na isainiwe kabla ya jina jipya kuandikwa langoni.