Kodi ya Nani?

Mwezi Novemba 2012 kijana wa halmashauri aliniletea bahasha dukani, akaniomba nisaini daftari lake. Nilikuwa nimestaafu ukuu wa chuo cha ualimu, na sehemu ya kiinua mgongo nilikuwa nimeitia katika duka la vifaa vya shule, ndani ya fremu ya kupanga. Hati ile ilinidai kodi ya jengo ya miaka saba, shilingi 486,000 pamoja na adhabu, la sivyo duka litafungwa. Nami nilikuwa nimekaa humo miezi kumi na sita tu.

Nikaenda ofisini. Afisa mapato, kijana wa umri wa kitinda mimba wangu, aliniamkia vizuri. Akauliza, "Mwalimu, pale dukani unalipa kodi?" Nikajibu kwa fahari kwamba sijachelewa hata mwezi mmoja. "Basi na hii ndiyo kodi." Nimefundisha Kiswahili zaidi ya miaka thelathini, na siku ile Kiswahili kilinitia kitanzini. Mimi nilisema kodi ya pango, yeye akasikia kodi ya serikali.

Tangu hapo nilianza kuichunguza habari hiyo. Wajerumani walitangaza kodi ya nyumba mwaka 1897, na aliyekosa fedha alifanyishwa kazi badala yake. Wakati huo mwenye nyumba na mkaaji wake aghalabu walikuwa mtu mmoja, kwa hiyo swali langu halikuwa na maana kubwa. Mijini mambo yalikuja kuwa mengine. Mwaka 1971 serikali ilitaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, na wapangaji wakaanza kumlipa Msajili wa Majumba. Mwaka uliofuata halmashauri zenyewe zikavunjwa. Za mijini zilirudi 1978. Nani alitunza madaftari katika miaka hiyo sita? Kisha sheria ya mwaka 1983 ya kodi ya majengo mijini ikaweka mzigo juu ya mwenye jengo. Mwenye jengo, siyo mwenye duka.

Hilo ndilo nililoliandika katika barua yangu, nikaambatanisha mkataba wa pango na stakabadhi. Nilikwenda mara nne. Mara ya tatu niliomba kuliona daftari. Penye jina la mmiliki paliandikwa "Duka" na jina la mtaa, basi. Kwa hiyo kila aliyekutwa nyuma ya kaunta ndiye aliyekuwa mdaiwa!

Januari wakanitia kufuli. Aliyewahi kuuza madaftari anajua maana ya Januari. Kwa siku tisa wazazi walisoma karatasi iliyobandikwa mlangoni pangu kwamba Mwalimu ni mdaiwa sugu, mimi niliyewahimiza wanachuo miaka yote kulipa kodi. Fedha nilikuwa nazo, na mke wangu alisema nilipe yaishe. Nilikataa.

Siku ya kumi afisa alikubali kumwita msimamizi wa mirathi, binti mkubwa wa marehemu mwenye jengo. Alikuja na kopo la maziwa lililojaa stakabadhi za baba yake. Miaka mitatu kati ya ile saba ilikuwa imelipwa. Iliyobaki aliikubali bila ubishi, ila hakuwa na fedha. Tukapatana kwamba pango langu liende halmashauri hadi deni liishe, na kufuli likafunguliwa jioni ileile. Nilikuwa nimeshinda. Lakini pango hilo ndilo lililowasomesha wanawe, na hilo sikulifikiria hata mara moja katika barua zangu zote.

Mwaka 2016 ukusanyaji ulihamishiwa Mamlaka ya Mapato. Mwaka 2021 kodi ya majengo ikaingizwa katika LUKU, shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Tangu 2023 ni 1,500. Mita haiulizi nani mmiliki, inamkata anayenunua umeme, na anayenunua pale ni mimi mpangaji. Kila mwisho wa mwaka hupeleka risiti zangu kwa yule mama, naye hunipunguzia pango. Mwaka jana alihesabu risiti moja moja, akakuta pungufu ya mwezi mmoja, akanirudisha nyumbani kuitafuta.