Kwa nini 'Sarafina!' haichuji Eastlands

Mtajie 'Sarafina!' mtu aliyesomea shule ya upili Buruburu, Dandora, Umoja au Jericho, mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, miaka ya tisini. Kabla hujamaliza swali atakuwa ameanza kuimba, na akipata nafasi atakuonyesha na miondoko yake. Filamu hiyo ya muziki kuhusu wanafunzi wa Soweto ilitoka mwaka 1992. Waliokuwa kidato cha pili wakati huo sasa wanawalipia watoto wao karo, na watoto nao wanazijua nyimbo zile zile. Wengi husema ni kumbukumbu tamu za ujana. Ni kweli, lakini chanzo chake kiko mbali zaidi, katika historia ya mitaa yenyewe.

'Sarafina!' ilianzia jukwaani. Mbongeni Ngema aliitunga na kuiongoza, akishirikiana na Hugh Masekela katika muziki, ikafunguliwa katika Market Theatre jijini Johannesburg mwaka 1987. Mwaka huo huo ilivuka bahari hadi New York, na Januari 1988 ikaingia Broadway, ambako iliteuliwa kuwania tuzo tano za Tony. Leleti Khumalo, msichana kutoka KwaMashu karibu na Durban, ndiye aliyekuwa Sarafina jukwaani, na ndiye aliyebaki na nafasi hiyo Darrell Roodt alipoigeuza kuwa filamu. Whoopi Goldberg aliigiza mwalimu wa historia, Mary Masombuka, John Kani akawa mwalimu mkuu, naye Miriam Makeba akawa mama yake Sarafina.

Kisa kimejengwa juu ya uasi wa Juni 16, 1976, wanafunzi wa Soweto walipoandamana kukataa kufundishwa kwa Kiafrikana, nao polisi wakawamiminia risasi. Mwalimu Masombuka anawafundisha wanafunzi historia isiyokubaliwa na serikali, hadi polisi wanamchukua darasani. Sarafina huzungumza na picha ya Nelson Mandela iliyo ukutani kama azungumzavyo mtu na mzee wake. Katikati ya mateso hayo yote, wanafunzi wanaimba na kucheza wakiwa ndani ya sare za shule, kwa mdundo wa mbaqanga, muziki wa Afrika Kusini.

Sasa tazama Nairobi ilivyokuwa filamu hiyo ilipofika. Mei 1990, vibanda vya Muoroto, karibu na kituo cha mabasi ya mashambani, vilibomolewa na wakazi wakafurushwa kwa nguvu. Mkasa huo ukatungiwa nyimbo. Kanda zake ziliuzwa barabarani na kuchezwa ndani ya matatu, mpaka serikali ikaanza kuwakamata wauzaji. Julai 7 mwaka huo, umati ulikaidi marufuku na kuelekea uwanja wa Kamukunji kudai vyama vingi. Polisi wakautawanya, na watu wakauawa katika ghasia zilizofuata. Siku chache baadaye, Mandela mwenyewe, aliyekuwa ametoka gerezani Februari, akazuru Nairobi. Uchaguzi wa vyama vingi ulifanyika Desemba 1992, mwaka ule ule wa 'Sarafina!'. Kwa hiyo mkazi wa Eastlands hakuhitaji kuelezwa maana ya askari wenye bunduki mtaani, wala kwa nini wimbo unaweza kumtia mtu pingu.

Hata mitaa yenyewe ilifanana na Soweto. Mpango mkuu wa Nairobi wa 1948 uliandaliwa na jopo la wataalamu kutoka Afrika Kusini. Tangu mwanzo wa ukoloni, upande wa mashariki wa reli ulikuwa ndio wa vibarua Waafrika: Pumwani, Shauri Moyo, Kaloleni, Makongeni, na baadaye Bahati na mitaa ya Ofafa. Kama weusi wa Soweto walivyobebeshwa pasi, ndivyo wanaume wa hapa walivyovalishwa kipande, kitambulisho cha kikoloni, shingoni kuanzia karibu 1920. Na Aprili 24, 1954, katika Operesheni Anvil, wanajeshi wa Uingereza waliizingira Nairobi, wakakagua watu mtaa kwa mtaa na kuwapeleka maelfu vizuizini. Si ajabu kwamba Kayole ina sehemu iitwayo Soweto hadi leo.

Kuna sehemu moja ambayo, kwangu, ndiyo moyo wa filamu hii. Mama yake Sarafina ni mtumishi katika nyumba ya Wazungu, na bintiye anamwonea haya kwa unyenyekevu wake. Akishatoka kizuizini, akiwa ameonja mateso, Sarafina anamfuata mama huko kazini na kumwambia kwamba sasa ameelewa: mwanamke anayeinama kusugua sakafu ili watoto wale ni shujaa pia. Mama huyo ni Makeba, sauti ambayo Afrika Mashariki iliipenda tangu alipoimba 'Malaika'. Eastlands imejaa watoto ambao mama zao huamka alfajiri kwenda kufua nguo katika mitaa ya wenye nacho. Wanapoitazama sehemu hii, wanamwona mama wanayemjua.

Filamu haikuhitaji jumba la kifahari ili ienee. Ilipita kwenye kanda za video, mabanda ya video ya mtaani, kumbi za shule Jumamosi jioni, kisha kwenye sidii. Zaidi ya yote ilipita miilini. Nyimbo za kwaya na ngoma za miguu hazidai ala wala pesa, na sare ya shule tayari ni vazi la jukwaani. Juni 16 nayo, ambayo tangu 1991 ni Siku ya Mtoto wa Afrika, huipa shule sababu ya kuikumbuka kila mwaka.

Ngema alifariki katika ajali ya barabarani Desemba 27, 2023. Lakini sauti ya wanafunzi jukwaani bado ni jambo nyeti, hata Kenya. Aprili 2025, wasichana wa shule ya Butere walifika Nakuru kuigiza 'Echoes of War' katika tamasha la kitaifa la drama, na polisi wakatumia vitoa machozi nje ya ukumbi. Nchi inayoogopa mchezo wa wanafunzi ina historia ambayo bado haijaiweka wazi.

Ndiyo maana kuipenda 'Sarafina!' pekee hakutoshi. Muoroto, Kamukunji na Anvil zinastahili mchezo wa muziki pia, ukitungwa hapa hapa na walimu wa drama na vijana wa Eastlands, wakati wazee waliokuwa watoto mwaka 1954 wangali hai. Nawe mzazi, Juni 16 ijayo itazame filamu hii pamoja na wanao. Ikiisha, zima runinga uwaeleze yaliyotokea katika mtaa wenu.