Kamba ya Turubai

Ingia duka lolote la vifaa vya ujenzi hapa Tanzania, uulize kamba ya kufungia turubai, na muuzaji atakuonyesha kamba ya manila. Jina hilo lina historia. Manila halisi ilitengenezwa kwa nyuzi za abaka, mmea wa jamii ya mgomba unaolimwa Ufilipino, ambako Manila ndio mji mkuu. Kamba ya dukani leo ni plastiki tupu. Katika miaka yangu ya kufundisha historia, na baadaye ya kuongoza chuo cha ualimu, niliwaambia wanachuo kwamba jina huishi kuliko kitu chenyewe.

Wazee wetu wa pwani hawakuihitaji manila. Walifukia makumbi ya nazi katika tope la ufukweni kwa miezi kadhaa, wakayafukua, wakayaponda na kusokota kamba. Kwa kamba hizo mitepe ilishonwa bila msumari hata mmoja.

Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida. Iliyofika Tanga ikiwa hai ni 62 tu, na kwayo yakaanza mashamba makubwa. Japani ilipoiteka Ufilipino mwaka 1942, manila ikaadimika kwa Waingereza na Wamarekani, na mkonge wa Tanganyika ukatafutwa kila bandari. Jasho lilikuwa la manamba, watu waliotoka mbali, wakaandikwa kwa namba na kukata majani yenye miiba alfajiri hadi mchana. Baba yangu mdogo alikuwa mmoja wao. Alirudi nyumbani na baiskeli moja na makovu mengi mikononi.

Hema na maturubai ya wakati huo yalifungwa kwa kamba za namna hiyo, nazo zilikuwa na tabia yake. Kamba ya mkonge ikilowa hunenepa na kufupika. Wanachuo wetu walipopiga kambi za mafunzo, mlinzi wetu mzee alizunguka jioni wingu likitanda, akilegeza kamba moja moja. Bila hivyo, usiku kamba hujivuta hadi kung'oa vigingi, na turubai huwaangukia waliolala.

Nailoni, iliyovumbuliwa Marekani mwaka 1935, hufanya kinyume: ikilowa hurefuka, turubai likabonyea na kukusanya maji katikati. Hiyo hukazwa mvua inapoanza. Polipropilini, ambayo ndiyo manila ya leo, hainywi maji na bei yake ni nafuu, ila jua huila upesi. Kwa turubai la kukaa wiki nyingi, mimi huchagua poliesta, kwa sababu hainyumbuki sana wala haiogopi jua. Kwa kambi ya siku mbili tatu, mkonge unatosha, mradi awepo wa kuulegeza. Na ukichakaa huoza ukawa udongo.

Plastiki hiyo hiyo ndiyo iliyoangusha mkonge. Mwaka 1964 nchi ilizalisha zaidi ya tani 230,000. Katikati ya miaka ya 1990 haikufikia tani 40,000. Wapo wanaolaumu kutaifishwa kwa mashamba mwaka 1967, na hoja yao ina uzito, lakini bei ya dunia ilikwishaanza kuporomoka kabla ya hapo. Wahenga walisema kamba hukatikia pabovu. Pabovu petu palikuwa hapa: sehemu kubwa ya mkonge tuliiuza ikiwa nyuzi ghafi, wengine wakasokota kamba na kuchukua faida. Mnunuzi alipopata uzi wa bei ndogo kuliko wetu, hatukuwa na kingine cha kumwuzia.

Basi, msomaji, ukienda kununua kamba, usiulize bei peke yake. Uliza imetengenezwa kwa nini, inafanyaje ikilowa, na ni nani aliyeisokota.