Okidi za Kitulo: Ua na Kiazi Chake

Katika ushairi wa mwambao, ua lina kiti chake cha siku nyingi. Asumini, kilua na mlangilangi huingia ubetini pamoja na harufu zao, na mkono uhofiwao ni ule uchumao. Walakini mbali na bahari, katika nyanda za juu za kusini mwa Tanzania, yako maua ambayo kuchumwa si msiba wao mkubwa. Hayo ni okidi za Kitulo, na adui yao ni mkono uchimbao.

Kitulo ni uwanda wa nyasi ulioinuka kiasi cha mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, baina ya milima ya Kipengere, Uporoto na Livingstone. Mvua zianzapo mwezi wa Novemba nyasi huchipua, na hadi Aprili uwanda mzima huwa zulia la rangi. Wataalamu wamehesabu humo aina 350 hivi za mimea, na kati yake 45 ni okidi ziotazo ardhini. Wenyeji wamepaita Bustani ya Mungu. Frederic Elton, balozi mdogo wa Uingereza huko Msumbiji, alipita hapo mwaka 1877, akafa Ugogo kabla ya mwaka huo kwisha. Kwa muda mrefu ramani ziliuita uwanda kwa jina lake. Jina la mgeni limefifia, la wenyeji limebaki.

Uhai wa okidi hizi umefichwa udongoni. Wakati wa kuchanua, mmea huwa na viazi viwili: kilichonyauka, ambacho kimelilisha ua la mwaka huu, na kichanga kigumu, akiba ya ua la mwakani. Mchimbaji hukitaka hicho kichanga. Akikitoa, ameling'oa ua ambalo halijazaliwa. Mbegu nazo ni laini kama vumbi, hazina chakula ndani yake, na haziwezi kuota ila zikutane na kuvu maalumu udongoni. Kisha hupita miaka kabla ya chipukizi kuchanua.

Nchini Zambia, hasa kwa Wabemba, viazi hivyo ni chakula cha asili kiitwacho chikanda. Hukaushwa na kutwangwa, unga wake ukachanganywa na wa karanga, pilipili na magadi, ukapikwa hata ukashikamana kama mkate wa kukatwa vipande. Kilikuwa chakula cha vijijini. Miji ilipokua, kikaingia sokoni. Okidi za huko zilipoadimika, wachuuzi walivuka mpaka, na katika miaka ya 1990 magunia yakawa yakitoka Makete na jirani zake kupitia Tunduma. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulikadiria kuwa viazi vilivyochimbwa kwa biashara hiyo vilizidi milioni 2 kwa mwaka, na huenda vilifika milioni 4.

Mwaka 2002 serikali ilitangaza nia ya kuihifadhi Kitulo, na mwaka 2005 ikawa rasmi hifadhi ya taifa, yenye eneo la zaidi ya kilomita za mraba 400. Ilikuwa ya kwanza katika Afrika ya tropiki kuundwa kwanza kwa ajili ya mimea yake. Tanzania, iliyojulikana ulimwenguni kwa simba na tembo, ilikuwa imeweka askari kulinda maua.

Hata hivyo askari hulinda mpaka, na biashara hutafuta njia ya kuuzunguka. Okidi zote zimo katika mkataba wa CITES, ambao hudai kibali kabla ya kuvushwa nchi. Na bado chikanda haijakoma kuuzwa. Kuzilima okidi hizi ni kazi ngumu, kwa sababu ya ile kuvu. Mwanakijiji aliyechimba naye hakuwa mwizi wa uzuri: alikuwa na ada ya shule ya kulipa, na gunia lilikuwa na mnunuzi.

Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao. Janga la okidi liko hivyo hivyo, kwani kiazi kikiisha, mnunuzi huhamia mlima mwengine, na aliyekichimba hubaki na shimo. Kwa hiyo hatima ya Bustani ya Mungu haimo mikononi mwa askari peke yao. Imo pia katika shamba la viazi mviringo, katika bei ya maziwa, na katika kila riziki nyengine itakayomwezesha mtu wa Makete kulipita ua na kuliacha na kiazi chake.